Kubwa Ivae Shingoni

Swafiya mwanangu,

Salamu nimekupa tangu alfajiri, na kesho gatini zitakuwa nyingi hadi zikuchoshe, kwa hivyo hapa nazipita. Nimeketi juu ya kitanda chako, nimekwisha kuswali alasiri, nawe umetoka kuaga nyumba za jirani. Nina daftari lako la shule na kalamu inayovuja. Ukikuta nimeandika ndia ulipotaka njia, usinisahihishe kwa wino mwekundu kama ulivyozoea. Mimi ni mtu wa Amu, hiyo Lamu ya vitabu vyenu, na barua ni yangu.

Sina habari za kula vizuri wala kulala mapema. Hayo umeyasikia tangu ukiota meno, na usiyoyasikia Mombasa itakufunza. Nimeshika kalamu kwa jambo moja. Nimefungua begi lako.

Usinune. Nilitaka kutia mikate ya sinia, maana safari ya basi ni ndefu nawe hukubali kula vya watu. Chini ya nguo nikaona soksi nene, na ndani ya soksi kamera yangu ndogo. Nikasema, mtoto huyu ameniibia, na kwa kweli nilicheka peke yangu. Kisha nikaitafuta ile kubwa yako. Begini haimo. Nimeikuta kabatini chini ya mashuka, umeizungushia leso, lenzi zake mbili ziko pembeni, na waya wa chaji umeukunja vizuri kama mtu asiyetarajia kuutumia tena karibuni. Hapo kicheko kikaniisha.

Najua umefanya hivyo kwa ajili ya nani. Jana ami yako Athmani aliketi hapo dakani, barazani pa mlango, kanzu imepigwa pasi, akakwambia mwana wa kike hatembei na kamera ya watu wa magazeti shingoni. "Watu watasemaje? Ndogo ya mamako yatosha. Ukienda na hiyo kubwa, gatini siji, na radhi zangu usizitafute." Nawe ukamjibu, "Haya, ami." Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nilipoisikia sauti uliyolitolea lile neno, mkono ulinisimama, kwa sababu sauti hiyo naijua. Ni yangu. Nimeitumia katika nyumba hii miaka mingi.

Basi nimezibadilisha. Kubwa iko begini, na soksi nimeirudisha kwa mwenzake. Ndogo ninayo hapa mapajani. Ukitaka kuzibadilisha tena, mikono ni yako, lakini soma hadi mwisho kwanza.

Kwanza tuitendee haki ndogo, maana tukiitukana tutakuwa waongo. Wakumbuka Ijumaa ile tulipozipima, mara tu uliponunua yako kwa Mwalimu Nafula alipohamishwa kurudi bara. Tulipiga mlango wa mbele, punda wa jirani aliyelala mdomoni mwa ndia, na sahani ya viazi vya karai, kila kitu mara mbili, kwa kamera hii na kwa ile. Ulipoleta picha kutoka dukani, za ukubwa wa kiganja, nikazichanganya kitandani kama karata nikakwambia haya, chagua ipi imepigwa na ipi. Zile za juani ulikosea zaidi ya nusu. Ukakasirika, ukasema karatasi ni mbaya. Karatasi haikuwa mbaya. Juani, na kwa picha ndogo za kutia kwenye albamu, kamera hizi mbili hazipishani sana, na aliyekwambia vingine alitaka kukuuzia.

Tena yangu yaingia mfukoni. Waiwasha tu, lenzi yake yajitokeza yenyewe kama kichwa cha kobe, wapiga, yarudi ndani. Haina cha kubadilisha, haina cha kusahau nyumbani. Taa yake iko humo humo. Yako kila ukibadilisha lenzi kwenye upepo wetu huu, chumvi na mchanga vyataka kuingia, na kuna siku ulishinda hadi adhuhuri ukipuliza kijivumbi kimoja kwa kile kipira chako. Betri yake yaisha bibi arusi hajamaliza kuvaa. Shingo yauma. Na watu wakiiona hukaza uso kama wamekwenda kupigwa picha ya kitambulisho.

Picha ya babako akila mahamri, mdomo umejaa, nywele hajachana, ateka, nyinyi mwasema acheka, kwa sababu wewe umemtilia chumvi kwenye chai, ile niliipiga na ndogo iliyokuwa mezani kando ya birika. Kubwa isingeipata. Angeliiona, angejifuta mdomo, angekaa wima, nami leo ningekuwa na picha ya mtu mwenye heshima nisiyemjua. Babako ndiye aliyeninunulia ndogo hiyo, Mungu amrehemu, na kila ninapoishika namshika yeye. Kwa hivyo usidhani naidharau.

Lakini Ijumaa ile ile tuliingia ndani. Chumba cha nyuma chenye zidaka za chokaa, vile vishubaka vya ukutani, kile ambacho hata mchana mtu huhitaji kupapasa. Ndogo ikatoa picha yenye chembechembe kama uji usiochujwa. Tukawasha taa yake, zidaka zote zikawa nyeupe kana kwamba zimeona jini. Kubwa, na ile lenzi yako fupi isiyovuta, ilitulia tu ikaona. Ukanieleza kwamba ndani kuna kipande kinachopokea mwanga, cha yangu ni kama ukucha wa kidole cha mwisho, cha yako ni kama stempu. Ukanieleza na habari ya kioo, kwamba kamera kubwa za zamani zilikuwa na kioo ndani kinachoruka kila ukibonyeza, na hii yako wamekitoa, ndiyo ikawa nyepesi kuliko zile. Nikaitikia kama mtu anayeelewa. Cha stempu nilikielewa kweli.

Kisha ukaniketisha kwenye kiti uani. Nyuma yangu nguo zimeanikwa na makopo yamepangwa ukutani. Ukanipiga kwa zote mbili. Kwa ndogo nilionekana mimi, na nguo, na makopo, hata maandishi ya kopo la maziwa yalisomeka. Kwa kubwa nilionekana mimi tu, vingine vyote nyuma vimeyeyuka. Ukasema, "Waona, mama? Hii yakuchagua wewe. Ndogo yaona kila kitu hadi nyuma kabisa, haijui kuachilia." Nikainuka nikaenda jikoni. Ulidhani nimechoka. Nilikuwa nimemkumbuka Bi Mwanakombo, na nilikuwa sitaki unione uso.

Wamjua Bi Mwanakombo wa Kipungani, anayekusukia mikeka. Umejua siku zote kwamba alikuwa mke wa ami yako mkubwa, kaka yao babako na Athmani, na kwamba baada ya mumewe kufa alirudi kwa watu wa mamake. Hukuambiwa kwa nini. Mtoto wa darasa la tatu haambiwi. Kisha mtoto akakua, na mama akaendelea kutomwambia kwa sababu alikuwa amezoea.

Babako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kaka yake akamfuata, na Bi Mwanakombo akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, leso nyeupe, hatoki nyumbani, hahudhurii furaha ya mtu. Na katika siku hizo hizo ikaangukia arusi ya binti wa dada yake, msichana aliyemlea kwa mikono yake tangu akitambaa. Tarehe ilikuwa imekwisha kuwekwa, watu wamekwisha kualikwa. Nyumba ya arusi ilikuwa ng'ambo ya ndia, na nyumba mbili zile zimeunganishwa na wikio, kile chumba kinachopita juu ya ndia, ambacho wanawake wa zamani walikipita kwenda kutembeleana bila kukanyaga chini.

Wajua mambo ya arusi zetu za wanawake, umekulia ndani yake. Wanaume hawaingii. Simu zote huachwa mlangoni katika kikapu, na yuko mama mmoja mkali hukilinda. Ndipo mabuibui huvuliwa, nywele zikafumuliwa, watu wakacheza kwa raha zao kwa sababu wajua jicho la nje halimo. Mimi nilipita kile kikapu na kamera yangu ndani ya mkono wa buibui. Mama wa bibi arusi ndiye aliyeniita, yeye alijua. Wengine wengi hawakujua, na waliojua walikuwa wakinisifu. "Maryamu apiga picha hata huelewi kapiga saa ngapi." Nililichukua neno hilo kama nishani. Nilikuwa nikitembea nalo kifua mbele.

Siku ile bibi arusi alikuwa ameketi juu ghorofani, amepambwa, asmini hadi kiunoni. Mlango wa wikio nyuma yake ukafunguliwa kidogo. Bi Mwanakombo akasimama pale, upande wake, katika nyumba yake ya eda, vidole vya miguu nyuma ya kizingiti. Nilimwona. Bibi arusi akageuka kidogo, akamwona, akamtolea ulimi kama alivyokuwa akifanya utotoni akikatazwa sukari. Na Bi Mwanakombo akacheka. Mtu ambaye hakuwa amecheka tangu msiba, akacheka mpaka meno ya nyuma. Mimi nilikuwa nampiga bibi arusi. Nikabonyeza.

Ndogo yaona hadi nyuma kabisa.

Albamu ikatembea nyumba hadi nyumba, kama ilivyo ada, na kama ilivyo ada ikafika kwa wakwe zetu, mimi na Bi Mwanakombo. Kati ya vichwa vya wageni wawili, nyuma ya bega la bibi arusi, yuko mjane wa ndugu yao katika nyeupe za eda, ateka. Miguu haionekani. Kizingiti hakionekani. Chaonekana kicheko tu.

Ami yako Athmani aliita watu katika nyumba hii hii. Akaiweka albamu mezani, akaifungua pale. "Kaburi halijakauka, naye yuko arusini." Bi Mwanakombo alituma neno kwamba hakuvuka kizingiti, alisimama ndani mwake. Ami yako akatazama watu wote, akasema, "Nani aliyeona? Aliyepiga picha hii ni nani? Aseme kama ni kweli." Hakuuliza kwa ubaya, mwanangu. Naapa, mtu yule alikuwa akitaka mtu aseme.

Nilikuwa nimeketi chini mkekani, karibu na goti lake. Bibi arusi aliuona uso tu; dunia nzima siku ile, mtu aliyekuwa akitazama upande ule na kuiona miguu ile alikuwa mmoja. Nikatazama chai yangu. Ami yako aliijua ile kamera kama kitu cha nyumbani, cha kupigia watoto siku ya Idi. Nikisema nimeona, nimesema nilikuwa nayo arusini. Nami ni mjane, nina wewe, na paa tulilokaa chini yake lilikuwa la ndugu za mume wangu. Hizo ndizo sababu zangu. Nimezigeuza miaka yote hii nikitafuta ipi kati yake inanisafisha, na sijaiona.

Hakuna aliyemfukuza Bi Mwanakombo. Walipunguza tu. Salamu zikapungua, sahani za futari zikapungua, watoto wakaacha kutumwa kwake. Eda ilipokwisha alifunga nguo zake akaenda Kipungani. Mimi nikaitia kamera kwenye debe la mchele, na baada ya miezi michache nikaitoa tena, kwa sababu wanawake waliniita nami kazi niliipenda. Lakini kuanzia hapo haikutoka chini ya buibui hata pale ilipoweza kutoka. Nilijifunza kupiga bila kuonekana, na kweli nilikuwa hodari. Nitafute katika albamu za arusi za mtaa huu mzima. Simo. Hata picha moja.

Mwaka jana baada ya Idi tulikwenda Kipungani. Ulidhani twanunua mkeka. Wewe ulibaki nje na kamera yako mpya ukipiga mikono ya wanawake wakisuka, ukiwaomba ruhusa mmoja mmoja, "Shangazi, naweza?", na wao wakikutania kabla ya kukubali. Mimi nilikuwa ndani. Nilimwambia yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kwa kufukuzwa. Alinisikiliza, mkono unaendelea kusuka, kisha akasema:

"Nilijua ni wewe. Ni nani mwingine?"

"Na hukunitaja?"

"Ningekutaja ningekuwa na nini? Wajane wawili hawana pa kulala badala ya mmoja." Akauvuta ukindu wa mkeka wake. "Lakini nitakwambia kilichoniuma, Maryamu. Hukunipa nafasi ya kutengeza ushungi wangu. Ungelikuya na kitu kikubwa ningelikiona. Ningelikwambia ngoja. Au ningelirudi ndani, nikafunga mlango. Wewe ulikuya na kitu kama kipande cha sabuni."

Baadaye akaniuliza kama bado ninayo picha ile. Nikamwambia ninayo. Akasema, "Niletee. Sina nyingine ninayoteka."

Nilimpelekea. Iko ukutani kwake, na sasa wajua kwa nini kila ukienda unaikuta imepanguswa vumbi.

Zile picha zako za mikono ya Kipungani ndizo zilizomfikia yule mama mwenye studio Mombasa, anayepiga arusi za wanawake, ndizo zilizomfanya akuite. Sikuwa nimelitambua hilo sawasawa hadi leo nilipoishika soksi. Alikuuliza kwa simu, "Kamera unayo?" Ukajibu unayo. Ukifika kwake Jumatatu na kipande cha sabuni atakupa kazi ya kushika taa. Utashika taa vizuri, kwa adabu, na miaka itapita, nawe utakuwa hodari wa kutoonekana kuliko mamako.

Basi nikafunga begi, nikazitia kamera zote mbili katika kikapu, nikavaa buibui nikaenda kwa ami yako. Jua kali, watu wametoka adhuhuri. Alikuwa dakani kwake na wazee wawili wa msikitini. Sikungoja waondoke.

"Shemeji," nikamwambia, "hii ndogo uliyosema yatosha, ndiyo iliyompiga Bi Mwanakombo. Na mkono ulioishika ni huu."

Akaduwaa. "Maryamu, wasema nini?"

"Miguu yake niliiona. Haikuvuka kizingiti. Uliuliza aliyeona ni nani, nami nilikuwa nimeketi karibu na goti lako."

Mzee mmoja akasema la haula, akatazama fimbo yake. Ami yako alivua kofia akaiweka gotini. Ana mvi nyingi kuliko nilivyodhani. "Miaka yote hii," akasema.

"Miaka yote hii. Nilijificha na kitu kinachofichika. Sasa wataka mwanangu aanze pale nilipoishia."

"Mimi sitaki mabaya yake. Watu wa kamera kubwa huulizwa maswali. Barabarani, bandarini, kila mahali. Atakuwa peke yake kule."

Na hapo nilisikia kitu ambacho jana sikukisikia, Swafiya, na ni haki yako nikuambie. Mtu huyu akuogopea. Amezika ndugu wawili, na wewe ndiwe kilichobaki cha mmoja wao. Lakini hofu yake haitakuwa mzigo wa begi lako.

"Aulizwe, ajibu," nikamwambia. "Mimi niliulizwa mara moja nikatazama chai, na mtu mwingine akahama nyumba yake. Nenda Kipungani ukamwombe radhi yule mama, kisha ndipo uje tuzungumze ya radhi zako na mwanangu."

Sauti yangu ilipanda, nakiri. Wazee walisikia, na mke wake dirishani alisikia, na yule muuza maji na punda wake nao walisikia. Kufikia isha Amu nzima itakuwa imejua kwamba Maryamu wa marehemu Bwanaheri apiga picha. Na wajue. Mwenye neno ajue ndia ya kwangu.

Ami yako aliitazama ndogo muda mrefu bila kuigusa. Nikachukua vitu vyangu nikarudi, na mpaka sasa hajatuma mtu. Kama kesho atakuja gatini au hatakuja, sijui. Nimelikubali kutojua.

Sikwambii kubwa haina madhara. Ile yako ina kidude cha kurusha picha kwenye simu bila waya, na ukiwa kwenye arusi za wanawake wenye nywele wazi, kizime. Yaona gizani, na kitu kinachoona gizani chaweza kuona kisichotaka kuonwa. Siku moja utakosea. Utampiga mtu ambaye hakupaswa, au kwa wakati ambao haukupaswa, na mtu atauliza ni nani. Siku hiyo nataka usitazame chai. Simama useme, ni mimi, na niliona hivi na hivi. Wakikutoa kazini, rudi nyumbani, mlango ni huu. Wakikutukana, umetukanwa ukisema kweli, na tusi la namna hiyo mtu hulala nalo akalala. Hili la kunyamaza silali nalo vizuri hata leo, na nina godoro zuri.

Na wakikukazia uso kama wa kitambulisho, ngoja. Ongea nao. Waulize habari za watoto. Mimi nilidhani ukweli wa mtu uko katika kumvizia, kwa sababu picha ya babako niliipata hivyo. Lakini babako alikuwa mume wangu, alikuwa amekwisha kunipa ruhusa ya maisha. Wageni wa arusi hawakunipa. Umewaona wanawake wa Kipungani walivyokuachia mikono yao baada ya utani. Nimeziweka picha zako kando ya zangu nikazitazama. Zangu ni za kuiba. Nyingi ni nzuri, sikatai. Zako nzuri zaidi, na ninasema hivyo mimi ambaye sipendi kushindwa hata karata.

Ndogo haiendi popote. Ni ya babako na ni yangu, na hukuomba. Nina arusi mbili kabla ya Ramadhani, na zote mbili nitaingia nayo mkononi, juu ya buibui, na nitamwambia mama wa kikapu mbele ya wote, mimi nina kamera, asiyetaka aniambie. Wengine hawataniita tena. Hao nawatakia heri.

Sasa sikiliza la kesho. Bi Mwanakombo atakuja na boti ya kwanza ya Kipungani kukuaga. Alinipigia simu asubuhi, kabla sijajua habari ya soksi, akasema, "Mwambie Swafiya nina ushungi mpya, sijauvaa." Hajafika gati ya Amu mchana kweupe tangu alipohama. Utatupiga picha pale mbele ya wapagazi, wauza samaki, mabwana wa vibarazani, na watu wote wanaosubiri boti ya kuvukia bara Mokowe, na kubwa iwe shingoni mwako, si begini. Mimi na yeye tutasimama bega kwa bega na bahari nyuma. Ami yako akija, nafasi iko, asimame nasi. Asipokuja, au akija akasimama mbali kule nyuma, tia ile lenzi fupi. Yenyewe yajua la kufanya na vya nyuma.

Tuombe ruhusa kama ulivyowaomba wengine. Usituonee haya kwa kuwa sisi ni wako. Mngoje Bi Mwanakombo atengeneze ushungi wake, hata akichelewesha boti, hata nahodha akipiga kelele. Ushungi ule umengoja miaka mingi kuliko nahodha. Akikwambia tayari, piga. Mimi nitakuwa nimeishika ndogo mkononi, nje ya buibui, mbele ya kifua, uhakikishe yaonekana vizuri.

Mamako,
Maryamu, mpiga picha